Mjadala: Kamusi ya shule ipangwe kwa mzizi au kwa neno zima?

Mleta mada: Kamusi tunazowanunulia watoto huku tao zinatawanya ukoo mmoja. "Soma" iko S, "msomi" M, "kisomo" K, "usomaji" U. Mtoto atajuaje kwamba hawa ni ndugu? Kitenzi kitangulie, wanawe wafuate chini yake. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliziweka nomino nyingi chini ya vitenzi vilivyozizaa, kwa hiyo si jambo geni.

Mwalimu, Eastlands: Johnson aliandika Kiswahili-Kiingereza, kwa watu wazima waliokuwa tayari kupekua sarufi. Mtoto wa Gredi ya 5 anayetafuta "mpishi" hajui kwamba hiyo sh ilikuwa k ya "pika". Na "mwizi" je? Umwambie aende kwa "iba"?

Hata wanaisimu hawarundiki kila kitu pamoja. "Anapika", "alipika", "hawapiki" ni maumbo ya leksimu moja, yaani neno moja lenye sura nyingi: kinachobadilika ni nafsi, wakati na ukanushi, tendo ni lilelile. Kamusi huyawakilisha yote kwa kidahizo kimoja, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa, "pika". "Mpishi" ana ngeli yake na wingi wake, anamtaja mtu wala si tendo. Huyo amehama nyumbani, apewe kidahizo chake.

Msomaji, Kayole: Mzizi wenyewe pia hudanganya. Kupanda matatu na kupanda mahindi, herufi ni zilezile. Angalia uzao: wa shambani ni mpanzi, na kazi yake upanzi, wa mlimani ni mpandaji, na ngazi ina vipandio. Hakuna anayemwita mpanda mlima mpanzi. Ndiyo maana kamusi hutenga panda ya 1 na panda ya 2.

Mleta mada: Mwalimu, la "mpishi" nimekusikia, lakini kauli za vitenzi umezirukia. "Pikia", "pikwa", "pikiana" zinatabirika, mstari mmoja chini ya "pika" unatosha. Shida ni "tumia". Mtu akikuambia "nimekutumia elfu moja", hiyo ni "tuma" katika kauli ya kutendea. Akisema "natumia simu ya mama", hakuna kilichotumwa popote. Ya kwanza ikae chini ya "tuma", ya pili ipewe kidahizo chake. Kisha kila nomino, popote ilipo, iandikiwe pembeni kitenzi ilikotoka: "mwizi, taz. iba". Wachapishaji watalalamikia kurasa, najua.

Mwalimu, Eastlands: Hiyo ya "taz." naiunga mkono. Ila "somo" ya darasani na somo wangu wa jina, utaziandikia kitenzi kimoja?