Yule mratibu wa safari ya Kaole amenizuia kuongezewa umri mbele ya watoto wangu

Mama Mapacha: Wakuu habari za jioni, ingawa yangu siyo nzuri. Ndiyo kwanza nimeshuka kwenye Kosta, vumbi la magofu ya Kaole kule Bagamoyo liko kwenye nyusi, na nikilala bila kuandika nitapasuka.

Mnamjua, simtaji. Yule yule wa kila safari, wa filimbi shingoni, anayekusanya michango kama mkoloni wa kodi ya kichwa.

Tulianza vizuri. Mwongoza wageni kaeleza kwa upole: misikiti miwili, wa zamani zaidi wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, kisima cha maji baridi na bahari iko pale pale. Tukafika kwenye mbuyu. Akasema wazee wanaamini ukiuzunguka unaongezewa umri. Watoto haooo, mbio. Na mimi nikakunja dera niwafuate. Yule bwana akapuliza filimbi. FILIMBI! Kisha kwa sauti ya kufika Unguja: "Mama Mapacha wewe baki hapo hapo, ukiongezewa umri sisi tutakimbilia wapi?"

Kosta nzima ikacheka. Dereva aliyekuwa amelala garini akaamka akacheka. Waliozikwa pale nadhani walicheka. Mama mkwe wangu ndiyo usiseme, alikaa chini kabisa, kanga mdomoni.

Njia nzima kurudi, pacha mdogo: "Mama, kwani utakufa lini?" Tukifika kwenye tuta: "Mama, bado?"

Filimbi jamani! Mimi mbuzi? Wenzangu wamerudi na umri, mimi nimerudi na mabakuli machafu. Nawasilisha.

Kibonge wa Magomeni: Nilikuwepo. Hajasema kwamba tangu tunaondoka alikuwa anamfokea dereva kuhusu redio. Filimbi ilichelewa.

BintiDunda: Pole mwaya. Ila "tutakimbilia wapi" 😂😂 Niko dukani, wateja wananiona mwehu.

Mzee wa Gahawa: Wazee husema pia ukichuma jani la ule mbuyu umri unapungua. Pacha mmoja nilimuona na majani mkononi. Sisemi kitu.

Mama Mapacha: Shikamoo mzee wangu, lakini niache. Watu hamuoni kwamba KAPULIZA FILIMBI?

Mtanga Asilia: Mbuyu tu mnalalamika? Sisi mjomba wetu alizima tochi makusudi ndani ya mapango ya Amboni, popo juu ya vichwa, akawaambia watoto njia hii inatokea Mombasa. Mtoto wa dada yangu mpaka leo haingii bafuni peke yake.

Kibonge wa Magomeni: Kila uzi mnaingiza Amboni. Fungueni wenu.

Mtanga Asilia: Na magofu yetu ya Tongoni, Tanga, tusiseme? Makaburi yetu yanazidi 40, leteni yenu tuhesabu.

BintiDunda: Watu wanashindana makaburi, mimi nimekaa pale.

Fundi Kitasa: Kuuliza si ujinga. Mbuyu wenye mnyororo ni huo wa Kaole?

Mzee wa Gahawa: Hapana kijana, huo uko misheni ya Wakatoliki, Bagamoyo mjini, wamisionari waliupanda 1868. Mama mmoja wa Kizungu alifunga punda wake, mti ukanenepa ukameza mnyororo. Kimebaki kipande tu nje.

Fundi Kitasa: Basi sisi tumetafuta mnyororo Kaole mpaka shingo zimeuma. Na mratibu alikuwa anatusaidia kutafuta.

Kibonge wa Magomeni: 😂😂😂 Mratibu huyo huyo?

Mama Mapacha: Eeh, ndiyo huyo wa filimbi! Turudi kwenye mada.

BintiDunda: Mada ni kuku. Tumechanga elfu kumi na tano kila mtu mzima, nimefika kwenye pilau nimekuta shingo na iliki. Mapaja yalikwenda wapi?

Kibonge wa Magomeni: Muulize aliyekaa siti ya nyuma na sufuria.

Fundi Kitasa: Nilikuwa nailinda, watoto wasijimwagie.

BintiDunda: Ulinzi gani wa kubakisha mifupa? Na sufuria yenyewe ni ya mama yangu, iko wapi?

Mtanga Asilia: Tanga pilau haliishi hivyo.

Fundi Kitasa: Iko kwangu. Ila njoo na steelwire, ukoko umeshika.