Mjadala: Je, vifuko vya nikotini viwekewe masharti ya sigara?

Wanaovitetea vifuko vya nikotini, yaani vijifuko vinavyobanwa kinywani, husema kwamba havina jani la tumbaku wala moshi, kwa hiyo kuviwekea masharti ya sigara ni uonevu. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Saratani ya mapafu humpata mvutaji hasa kwa sababu ya moshi, na mtu aliyeacha sigara kabisa akabaki na kifuko amejipunguzia madhara. Hata Marekani, ilipoidhinisha bidhaa 20 za ZYN, chapa ya vifuko hivi, mnamo Januari 2025, ilipima faida yake kwa wavutaji watu wazima.

Lakini yule ambaye hajawahi kuwasha sigara anapunguza nini? Kwenye duka moja karibu na chuo, hapa Nairobi, vikopo vya duara vya vifuko hivi hupangwa kando ya peremende, navyo hunukia mnanaa. Kijana hubana kifuko kati ya mdomo wa juu na ufizi, akakaa darasani nusu saa bila mhadhiri kushuku lolote. Wazee wetu waliobwia ugoro angalau walijulikana kwa kutema mate.

Nikotini hiyo hupita kwenye utando wa kinywa hadi kwenye damu, moyo ukaenda mbio na shinikizo la damu likapanda. Fizi huwashwa, na kwa kijana, ambaye ubongo wake huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, uraibu hushika upesi. Kuna vifuko vya miligramu 3 za nikotini na vingine vinavyozidi 10, ilhali sigara moja hufikisha mwilini miligramu 1 hadi 2. Ni kweli kwamba si nikotini yote ya kifuko hufyonzwa, ila mtoto mdogo akikimeza ni sumu.

Kenya tulianza vibaya. Lyft, chapa ya vifuko ya kampuni ya sigara ya BAT, iliingia sokoni mwaka 2019 ikiwa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, mithili ya dawa, na mwaka uliofuata Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo ulikiuka sheria. Baadaye bidhaa ikarudi kwa jina la Velo.

Sitaki marufuku kama ya Ubelgiji ya mwaka 2023. Nataka kikomo cha miligramu, onyo linalosomeka, na vikopo viondolewe kwenye peremende. Anayepinga atueleze ni mvutaji yupi atakayeumizwa na masharti hayo.