Kabati dogo la gemu: Pandora, Raspberry Pi ama kompyuta kuukuu? (niko Nakuru)

Lanet_Retro (Nakuru)
Habari za jioni wasee. Swali langu ni refu kidogo mnivumilie. Shemeji alirudi kutoka Marekani akaleta kwa kontena kabati la gemu la Arcade1Up, ile saizi ndogo ya robo tatu yenye skrini ya inchi 17, nyumba yake haikuwa na nafasi akaniachia. Watoto wangu na wa dada yangu waligombania hiyo kitu wiki mbili hivi, lakini gemu ndani ziko tatu tu, wakazichoka, na juzi nimetoka kazini nikakuta nguo za kupiga pasi zimerundikwa juu ya joistiki. Iliniuma kusema ukweli, juu mimi nilikua nikisimama nyuma ya wakubwa kwa ukumbi mmoja karibu na stendi nikingoja zamu yangu, na nilitaka hawa watoto waonje ile raha ya kucheza bega kwa bega, si kila mtu na simu yake kwa kona.

Sasa nataka kuliongezea gemu. Bajeti ni elfu 15. Nimesomasoma nikabaki na njia tatu: bodi ya Pandora's Box (ile huja na gemu tayari ndani), Raspberry Pi 4 (kikompyuta cha bodi moja), ama kompyuta kuukuu ya eksi-UK niifunge ndani. Sharti langu ni moja, bodi ya asili isiharibiwe, siku moja shemeji anaweza kulitaka kabati lake. Na mjue stima ya huku Lanet inaenda na kurudi bila hodi. Mnaonaje?

PipelineTech (Nakuru)
Karibu jirani. Pandora niko nayo mwaka wa tatu. Uzuri wake unawasha na baada ya muda mfupi uko kwa orodha ya gemu, hakuna kusetiseti, hata shosho anacheza. Yangu inafuata JAMMA, ule mpangilio wa pini 56 wa tangu 1985, kwa hivyo kila batani ina waya wake tayari, unapachika tu.

Ubaya, usidanganywe na namba imeandikwa kwa boksi. Nilikaa Jumapili moja na daftari nikazipitia, Street Fighter II peke yake imerudiwa mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu, kuna ya Kijapani, ya Marekani, na zile watu wamezichokora mpaka mchezaji anarusha moto akiwa angani. Zenye tunacheza kwetu hazifiki thelathini. Na yangu haikubali kuongezwa gemu, ulichonunua ndicho hicho.

KibuyeFundi (Kisumu)
Bosi, kabla hujafika kwa bodi angalia vitu viwili.

Cha kwanza adapta. Marekani stima ya nyumba ni volti 120, huku kwetu ni 240. Soma kibandiko cha adapta, ikisema 100-240V tafuta tu kichwa cha plagi ya huku na uendelee, ikisema 120V peke yake usithubutu kuichomeka hata kidogo, nunua nyingine ya volti zilezile inazotoa.

Cha pili skrini, na hapa ndipo wengi wanakwama. Ile skrini haina tundu la HDMI wala VGA. Ni paneli tupu, inaongea na bodi ya asili kwa utepe wa waya wa LVDS. Ndio uitumie na Pi ama kompyuta lazima upate bodi ya kuendesha paneli, ile mafundi wa skrini wanatumia kufufua mamonita, inaingiza HDMI na VGA inatoa LVDS. Fungua nyuma, geuza paneli, kuna kibandiko kidogo chenye namba ya modeli, piga picha namba yote mpaka herufi ya mwisho. Bodi inawekewa programu kulingana na hiyo namba. Halafu kuna kijampa, kile kipini kidogo cha kuhamisha, cha kuchagua volti za paneli, 3.3 ama 5 ama 12. Ukiweka 12 kwa paneli ya 5 umeiua, hakuna fundi atakurudishia. Mimi napima na multimita kabla sijachomeka utepe, kila wakati, hata nikiwa na haraka.

Sasa kwa swali lako. Mimi ni wa kompyuta kuukuu. Nilifungia mteja moja ya Core i3 ile ndogo ya ofisini, gemu zinatoka kwa flashi yenye Batocera, mfumo wa kuchezea gemu za zamani, diski ya ndani haiguswi kabisa, ukichomoa flashi inabaki kompyuta ya kawaida ya mtoto kufanyia homuwaki. Kitu kizuri zaidi ni kwa BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe, kuna mahali unaambia mashine stima ikirudi ijiwashe yenyewe, kwa Dell wanaita AC Recovery. Ukiweka hapo, swichi ya ukutani ndiyo inakuwa swichi ya kabati. Na kitu ikiharibika, RAM, pawa sapulai, kila kitu unapata mjini siku hiyohiyo.

Nyar_Nam (Kisumu)
Fundi nakuheshimu lakini hiyo kompyuta inakula tokeni na feni yake inapiga kelele ndani ya mbao kama posho mill. Mimi nina Pi 4 na sijajuta. Ni ndogo kama pakiti ya sigara, haili stima, na kwa gemu zile za zamani nguvu ni tele. Kabati likiwa ni la Pac-Man ya 1980, Donkey Kong ya 1981, Street Fighter, Metal Slug, hutahitaji kitu zaidi.

Lakini nikwambie venye iliniumiza, juu umesema stima yenu ni ya kuja na kuenda. Mwaka wa kwanza memori kadi iliharibika mara mbili. Stima inapotea wakati Pi inaandika kitu kwa kadi, ikirudi unaona maandishi meupe kwa skrini nyeusi na haisongi. Mara ya pili ilikuwa siku ya bathidei ya kijana wangu, watoto kumi na wawili wamekaa kwa zulia, keki imekatwa, na mimi niko nyuma ya kabati nikilia na tochi ya simu. Tangu siku hiyo: 1) kopi kamili ya kadi iko kwa laptop, nikipoteza moja naandika nyingine, 2) gemu na seivu ziko kwa SSD ndogo ya USB, 3) kuna kile ki-UPS cha kuendesha WiFi, kinashikilia Pi dakika za kutosha niizime vizuri. Hakikisha tu kinatoa 5V na ampea 3 kamili, Pi 4 ikikosa nguvu unaona alama ya radi juu ya skrini na mchezo unaanza kukwama.

Usinunue Pi 5 kwa hii kazi. Inataka adapta ya ampea 5 ndio ifanye kazi na kila kitu chake, haina tundu la spika za kawaida, na RetroPie, mfumo wa gemu ambao wengi wanaweka kwa Pi, toleo lao rasmi la 4.8 la 2022 halikuijua Pi 5. Batocera wanaikubali, lakini ni pesa zaidi kwa gemu zilezile.

Shinyalu254
Na zile boksi za TV za Android? Ninayo moja kwa droo haitumiki. Kuna EmuELEC, mfumo wa gemu kama Batocera, ya zile zenye chipu ya Amlogic, unaandika kwa kadi tu. Yangu inacheza gemu za Neo Geo, ile mashine ya gemu ya zamani, vizuri. Shida, boksi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na matumbo tofauti, utahangaika kutafuta faili inayokubali. Kama ulikuwa nayo tayari jaribu, kununua kwa sababu hiyo hapana.

Mwalimu_Bungoma
Nawasoma, nyote mmeongea bodi na hakuna amegusa mkono wa mchezaji. Ndugu wa Lanet, joistiki ndiyo watoto watashika, si Pi.

Chini ya joistiki kuna kisahani kinachozuia njia. Pac-Man na Donkey Kong ziliundiwa njia nne, Street Fighter II ya 1991 inataka njia nane na batani sita. Ukicheza Pac-Man kwa njia nane, ukikata kona kidole kinagusa mshazari, mtu wako anasimama mbele ya ukuta na mzimu unamla, na mtoto anadhani ni yeye hajui. Si yeye. Nunua joistiki ambayo kisahani chake kinazungushwa kutoka nne hadi nane, mimi kabati langu la pale nyumbani nageuza kwa mkono dakika moja.

Waya za asili usikate hata moja. Chomoa soketi, andika kwa tepu "P1 batani 1" na kadhalika, funga kwa karatasi ya nailoni uweke chini ya kabati. Halafu nunua zile enkoda za USB za "zero delay", bodi ndogo za kuunganisha batani na kompyuta, na seti mpya ya batani. Angalia upana wa vile vichwa vya waya, kuna vya milimita 2.8 na 4.8, nilinunua vikubwa batani zangu zikawa za vidogo, nikavibana kwa koleo na baada ya mwezi batani ya kuruka ikawa inafanya kazi ikitaka.

KondeleBoy
Wasee na mtu akiweka hii kitu kwa kibanda, watoto wanalipa kumi kumi? Nina nafasi hapa Kondele karibu na stegi.

Nyar_Nam (Kisumu)
@KondeleBoy hapo simama mdogo wangu. Gemu nyingi bado zina wenyewe, kampuni za Japani zipo na zinauza hizo gemu mpaka leo. Kwa tovuti ya MAME, programu ya kuchezea gemu za kumbi za zamani kwa kompyuta, kuna chache zilizoruhusiwa na wenyewe, kama Gridlee na Robby Roto, na hata hizo ruhusa ni ya kucheza bila biashara. Ukitaka biashara tafuta wanaotengeneza gemu mpya uwaombe leseni, wengine wanajibu vizuri.

Lanet_Retro (Nakuru)
Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Nilifungua nyuma jana usiku. Adapta imeandikwa 100-240V, nikashukuru Mungu. Namba ya paneli nimeipiga picha nimemtumia KibuyeFundi inboksi. Kitu kingine, ndani nilipata mjusi amekauka juu ya bodi ya spika, mita moja kutoka kwa vidole vya watoto. Nimeweka wavu wa mbu kwa tundu la hewa.

Swali: MAME nimejaribu kwa laptop, gemu moja inaingia nyingine inakataa, na faili ni zilezile. Kwa nini?

PipelineTech (Nakuru)
Ni matoleo. Faili za gemu lazima zilingane na toleo la emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani, kama MAME. Ile inaitwa mame2003 inataka seti ya 0.78, ukiipa seti mpya inakataa. FBNeo, emuleta nyingine, inataka seti yake ya karibuni. Na za Neo Geo zote zinaomba neogeo.zip ikae kando yake, bila hiyo hakuna inafunguka. Usifungue zip, ziache zilivyo. Chagua emuleta moja, shikamana nayo, utalala mapema.

Lanet_Retro (Nakuru)
Wiki tano baadaye, narudi na majibu juu huwa naumia nikisoma uzi wa mtu na hakurudi kusema iliishaje.

Nilichukua kompyuta kuukuu. Nilikuwa nimeamua Pi mpaka nikapiga hesabu, Pi na adapta na kadi na ki-UPS ilikuwa inanipitisha bajeti, na jirani alikuwa anauza kompyuta ya ofisi waliyofunga. Kelele ya feni Nyar_Nam alisema ukweli, nilitoa vumbi nikaweka feni mpya na sasa hausikii mtu akishacheza. Ile ya kujiwasha stima ikirudi nimeweka, na kwa zile wiki tano stima imepotea mara nyingi, flashi haijaharibika bado, lakini kopi yake nimeiweka kwa kabati la nguo.

Bodi ya kuendesha skrini ilikuja na kijampa kikiwa 12. Kama nisingesoma hapa ningeichomeka hivyo. Tulipima na fundi kwa simu ya video, paneli yangu ni ya 5, tukahamisha, nikachomeka utepe huku mkono unatetemeka, na taa ikawaka.

Shida iliyobaki ilikuwa enkoda mbili zinazofanana, ukizima na kuwasha mchezaji wa kwanza anakuwa wa pili na watoto wanagombana nani ameiba nani. Nilizirudisha nikachukua ile moja ya wachezaji wawili, ikaisha.

Bodi ya asili na waya zake ziko ndani ya nailoni chini ya kabati na tepu zimeandikwa, shemeji amekuja akaona akaniambia niache tu kama ilivyo.

Mwalimu_Bungoma
Na kisahani?

Lanet_Retro (Nakuru)
Nne kwa sasa, mwalimu. Binti wa dada yangu ana miaka saba na amekwama kwa Pac-Man, jana alifika raundi ya sita akaomba kiti kwa sababu miguu ilikuwa inauma.