Tupeane uzoefu: maji ya kisima chako uliyapima kabla ya kununua mashine, au baada?

Mama wa Usa River

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nawaomba wenye visima majumbani tusimuliane jinsi kila mmoja alivyochagua kifaa cha kusafishia maji yake, na hasa kama alipima maji kabla ya kulipa au alilipa kwanza. Naanza na yangu, kwa sababu bado yananiuma.

Mwaka 2015 tulihamia nyumba yetu Usa River, wilayani Arumeru, mtoto wetu wa kwanza akiwa na miezi minane. Tulikuta kisima kirefu alichokuwa amekichimba mwenye nyumba wa awali, chenye maji maangavu yasiyo na harufu wala ladha, na sabuni ilitoa povu jingi kuliko tulikotoka. Muuzaji wa vifaa alikuja na kalamu ya kupimia TDS, yaani jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini, akaichovya kwenye glasi mbele yetu, ikasoma 310, akatueleza kwamba maji yetu hayana tatizo isipokuwa vijidudu. Tulilipa shilingi 1,350,000 kwa vichujio viwili vya mkaa na taa ya UV, na juu ya hayo bado niliyachemsha maji ya mtoto kila siku, kwa moyo mweupe kabisa.

Mwaka 2021 meno ya mbele ya kudumu yalianza kuota. Yalitoka na mistari myeupe kama ya chaki, na baada ya muda mistari ile ikageuka kuwa ya kahawia. Mwanangu alijifunza kucheka akiwa ameweka kiganja mdomoni. Daktari wa meno hakuuliza tunapiga mswaki mara ngapi. Aliuliza tunakunywa maji ya wapi. Ndipo tulipopeleka sampuli maabara, na majibu yakaonyesha floraidi (madini ambayo yakizidi huyatia meno madoa) miligramu 5.8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5, na hata kile kiwango cha 4 ambacho Tanzania ilikiruhusu kwa miaka mingi tulikuwa tumekipita.

Taa ya UV huua vijidudu, lakini haigusi floraidi. Mkaa wa kawaida wa kwenye vichujio nao hauiondoi kwa kiasi cha kutegemewa. Kuchemsha kunaongeza, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke na floraidi ikabaki sufuriani. Kalamu ile ya TDS hupima jinsi umeme unavyopita katika maji na kukadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka, lakini haiwezi kukuambia ni chumvi gani. Mtaalamu wa maabara alinieleza pia kwamba lile povu nililolifurahia lilikuwa dalili: katika maji mengi ya maeneo haya ya volkano, chokaa ikiwa ndogo ndipo floraidi hupanda.

Mdogo wake alikuwa na miezi mitano majibu yalipotoka. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya fizi tangu utotoni hadi kama miaka minane, kwa hiyo kwake tuliwahi. Kwa kaka yake tulichelewa.

Mkazi wa Kigamboni

Pole sana, dada. Kwangu hasara ilikuwa ya fedha tu, nashukuru.

Maji yangu yaliacha ukoko mweupe kwenye birika na yalikuwa na chumvi mdomoni. Fundi alisema ni maji magumu, nikanunua mashine ya kulainisha maji, ile yenye tangi la chumvi pembeni. Ukoko ulikwisha. Chumvi ilibaki palepale, na sikuelewa sababu mpaka nilipopima: kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, ilikuwa miligramu 940 kwa lita, wakati ladha huanza kuonekana karibu na 250. Mashine ya kulainisha hutoa kalisi na magnesi na kuweka sodiamu mahali pake, kwa hiyo kazi yake niliyoilipia iliongeza sodiamu katika maji ambayo tayari yana chumvi ya bahari.

Jambo ninalotaka wenzangu wa pwani walishike ni saa ya kuchukua sampuli. Sampuli yangu ya kwanza niliichota asubuhi baada ya kisima kupumzika usiku mzima, na majibu yalikuwa karibu ya kuridhisha. Ya pili niliichota baada ya pampu kufanya kazi saa 4 mfululizo, na kloridi ilikuwa zaidi ya mara mbili. Karibu na bahari maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa nguvu yale ya chini hupanda. Leo nina mashine ndogo ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi, kwa ajili ya jikoni peke yake, nimepunguza pampu, na navuta kidogo kidogo mara tatu kwa siku badala ya kujaza tangi la lita 5,000 kwa mkupuo mmoja. Hatua hii ya mwisho haikunigharimu kitu, na ndiyo iliyosaidia kuliko zote.

Bibi wa Kisauni, Mombasa

Nimesoma habari ya mtoto na meno yake, moyo ukaniingia baridi, kwani mimi nusura nimdhuru mjukuu.

Kisima chetu ni cha zamani, kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji hayako mbali; ndoo na kamba vilitosha tangu enzi za mama mkwe. Binti yangu alipojifungua na maziwa yakawa hayamtoshi mtoto, tulianza kumchanganyia maziwa ya kopo kwa maji ya kisima, tukiyachemsha vizuri. Jirani ambaye ni muuguzi ndiye aliyetushurutisha tupime. Vijidudu vilikuwapo, hilo tulilitarajia. Hatukulitarajia jibu la naitreti, kemikali itokanayo na uchafu kama wa vyooni: miligramu 96 kwa lita, na kikomo ni 50. Kwa mtoto mchanga naitreti huifanya damu ishindwe kubeba hewa, midomo na kucha zikawa za buluu. Kuchemsha hakuitoi. Kutia klorini hakuitoi. Shimo la choo la nyumba ya nyuma liko hatua kumi na tano kutoka kisimani, na mwamba wa matumbawe una mianya, maji hupita kama yapitavyo kwenye tenga.

Duka moja lilikuwa limeshatuandikia bei ya taa ya UV. Tungeinunua, tungemnywesha mtoto maji yasiyo na kijidudu hata kimoja, na yale yale yangemdhuru. Kwa sasa maji ya kisima ni ya kufulia na kuogea. Ya mtoto tunanunua.

Fundi Sampuli, Morogoro

Shikamoo bibi, na poleni nyote. Nimefanya kazi ya kuchukua na kupima sampuli za maji kwa miaka 14, na naomba kuongeza kitu kimoja: kipimo kibaya hupotosha kuliko kutokupima.

Mwaka jana baba mmoja aliniletea maji ndani ya chupa ya soda ya machungwa. Alikuwa ameisuuza mara tatu, na aliponikabidhi kizibo bado kilikuwa kinanata. Maji yale yangetoa majibu ya vijidudu kwa wingi, naye angeenda kununua mashine kwa sababu ya chupa. Nilimrudisha na chupa yetu iliyotakaswa.

Kwa kipimo cha vijidudu nafanya hivi. Naondoa mpira au chujio lililoko kwenye mdomo wa bomba, nafungua maji yatiririke dakika kadhaa mpaka nione ninachopata kinatoka kisimani na si ndani ya bomba, nafunga, napitisha moto kwenye mdomo wa bomba ikiwa ni la chuma, kisha nafungua tena kwa mkondo mwembamba. Kizibo nakishika mkononi kikiangalia chini. Sikiweki juu ya ukuta wala sigusi upande wake wa ndani. Chupa siijazi pomoni, naacha nafasi ya hewa. Inaingia kwenye kisanduku chenye barafu na kufika maabara ndani ya saa 6. Ikishindikana kabisa, isizidi saa 24. Kama maji yametiwa klorini, mwambie mtu wa maabara mapema, kwa sababu chupa yake huwekewa dawa ya kuizima. Jibu linalotakiwa ni kutokuwepo kabisa kwa E. coli, kijidudu cha kinyesi, katika mililita 100.

Sampuli ya kemikali ni chupa nyingine. Ya floraidi iwe ya plastiki. Ya chuma na metali nyingine huongezewa asidi kidogo, la sivyo chuma hujishikiza kwenye kuta za chupa na majibu yakasoma pungufu. Haya yote maabara inayajua, ilimradi uende kuchukua chupa kwao badala ya kuwapelekea ya kwako. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji ziko katika mikoa mingi, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo hupima.

Kuhusu nini cha kupima, sikushauri upime kila kitu. Anza na vijidudu, tope, pH (kipimo cha asidi ya maji), jumla ya chumvi, ugumu, chuma, manganizi, naitreti, floraidi na kloridi. Kisha uliza eneo lako lina nini. Wakazi wa maeneo ya dhahabu ya Geita na Mara waongeze aseniki, ambayo ni sumu, kwa sababu imepatikana katika baadhi ya visima huko. Na kisima kifupi kipimwe mara mbili, kiangazi na wakati wa masika, kwani maji ya mvua huingia na ya vyooni.

Mkongomani wa Maine

Nashukuru kwa kutajwa kwa aseniki. Sisi tunaishi jimbo la Maine, Marekani, ambako karibu nusu ya nyumba hutumia visima binafsi. Nilidhani katika nchi hii serikali hupima kila bomba. Kumbe kisima binafsi ni jukumu la mwenyewe, na sheria ya shirikisho ya maji ya kunywa haikigusi. Aseniki hapa hutoka katika mwamba wenyewe, haina rangi, harufu wala ladha. Yetu ilisoma mikrogramu 34 kwa lita, na kikomo ni 10. Kilichonisaidia ni maabara kunieleza aseniki iko katika umbo gani, kwa sababu moja ya sura zake mbili hupenya vichujio vingi mpaka kwanza ibadilishwe kwa dawa kama klorini. Muuzaji wa kwanza hakuwahi kuniuliza hilo.

Mwalimu wa Masaka, Uganda

Mimi nilinunua chujio la kuondoa chuma majini kwa shule yetu, kubwa, la mchanga, kwa sababu maji ya pampu ya mkono yalikuwa mekundu, wanafunzi wakilalamika kwamba chai inakuwa nyeusi. Baada ya miezi michache likaziba. Mhandisi aliyekuja alichota sampuli asubuhi kabla ya mtu yeyote kugusa pampu, kisha akatuomba tupampu kwa zaidi ya saa nzima, wavulana wakipokezana, akachota tena. Ya kwanza ilikuwa nyekundu kama udongo, ya pili ilikuwa angavu. Ardhi yetu haikuwa na chuma cha kutusumbua. Maji yalikuwa na pH 5.8, yaani yenye asidi, yakila mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yaliyomo kisimani. Tulibadilisha mabomba. Lile chujio liko stoo.

Mkazi wa Kigamboni

Dada wa Usa River, hukutuambia mlichofanya mwishoni. Na je, baada ya kuweka kifaa mnapima tena?

Mama wa Usa River

Ahsanteni nyote, bibi, ahsante zaidi, maana kuchemsha kulikuwa kosa langu pia.

Tulienda kuuliza kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, ambacho hakiko mbali nasi, wakatuelekeza kwenye chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa iliyochomwa vizuri huinasa floraidi ambayo mkaa wa miti hauiwezi. Tunachuja maji ya kunywa na ya kupikia tu. Magadi nayo nimeyaacha katika maharage na makande, kwa kuwa magadi ya huku yana floraidi nyingi, na mama yangu alinuna mwezi mzima. Tulipima pia kisima cha jirani aliye nusu kilomita kutoka kwetu, kikasoma 1.2, kama ningetumia majibu yake badala ya yangu, ningelala usingizi.

Ndiyo, tunapima tena, kila baada ya miezi mitatu, maji yakiwa yameshapita kwenye chujio. Mara ya kwanza yalisoma 0.4, kisha 0.7, kisha 0.9. Kipimo cha nne kilisoma 1.9, na maji yalikuwa maangavu vilevile, ladha ileile. Mkaa ulikuwa umeshiba. Tumeweka mpya Jumamosi iliyopita, na chupa ya maabara ipo tayari juu ya friji, imeandikwa tarehe kwa mwandiko wa mwanangu mkubwa, ambaye ndiye aliyeomba kazi hiyo iwe yake.