Pombe kwanza au sonona kwanza?

DadaMkubwa: Habari zenu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31. Sonona ikimshika, wiki mbili hatoki kitandani, hata mswaki anauona mzigo. Halafu ghafla anachangamka kupita kiasi: halali, anaongea kama cherehani. Safari iliyopita alipaka rangi sebule nzima saa nane usiku, na makochi yakiwa humohumo. Akiwa chini anakunywa apate usingizi, akiwa juu anakunywa kwa sababu anajiona hafi. Kliniki ya akili wanasema aache pombe ndipo wamtibu. Kituo cha waraibu hawampokei akiwa anameza dawa za akili. Nimebaki katikati na bahasha ya vyeti. Leo ameapa kesho anamwaga chupa zote. Nimwache amwage?

Zamu ya usiku: Dada, subiri kwanza. Anakunywa kila siku? Mwili uliozoea hivyo ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege, na siku ya pili au ya tatu mtu akaanza kuona visivyokuwepo. Wapo wanaokufa. Mimi ni muuguzi, nimeyaona. Aache, ndiyo, ila chini ya daktari na dawa za kumtoa kwenye pombe taratibu. Kliniki wana hoja nusu: huzuni iliyoletwa na pombe yenyewe mara nyingi hupungua wiki mbili hadi nne baada ya kuacha. Lakini huyo anayepanda na kushuka atibiwe yote mawili pamoja.

Kishada: Huyo mdogo wako ndiye mimi wa miaka tisa nyuma. Hospitali nilikuwa naenda siku za huzuni tu, wakanipa dawa za sonona peke yake, nikapaa. Hakuna aliyeuliza habari za kutolala. Hiyo ya sebule mwambie daktari hivyohivyo ulivyoiandika! Na asifiche pombe. Mimi nilikuwa kwenye litiamu, dawa ya kutuliza huko kupanda na kushuka, huku nakunywa kwa siri. Usiku mmoja nikatapika hadi maji yakaniisha mwilini, litiamu ikapanda kwenye damu, kijiko kikanishinda kushika.

DadaMkubwa: Kila siku, ndiyo, tena tangu asubuhi. Nimezificha chupa asizimwage. Mimi, niliyemgombeza miaka yote hii! Tunaondoka alfajiri, nimeandika tarehe zote za kutolala nyuma ya bahasha.

Zamu ya usiku: Akianza kutetemeka sana au kuweweseka kabla ya alfajiri, msingoje.