MJADALA: Je, Augustino aliwabebesha watoto wachanga hatia isiyo yao?

Mwanakigango
Wakuu, salaam. Kigangoni kwetu, kwenye semina ya wazazi wanaoandaa ubatizo, katekista alisema mtoto anazaliwa na hatia ya Adamu, ndiyo inayoitwa dhambi ya asili. Baba mmoja akauliza: ni hatia au ni udhaifu tu? Hakujibiwa, tukafunga kwa sala. Nikaona aibu, nikaenda kusoma.

Nilichokuta ni hiki. Pelagius, mtu wa Britania, alikuwa akifundisha Roma kwamba mtoto mchanga yuko kama Adamu kabla ya kuanguka. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, Tunisia ya leo, wakalilaani fundisho hilo, na nguzo yao alikuwa Augustino, askofu wa Hippo. Andiko alilolishika sana ni Warumi 5:12. Biblia yake ya Kilatini ilisomeka kwamba ndani ya mtu mmoja wote walitenda dhambi. Kigiriki, lugha aliyoandikia Paulo, hakisemi hivyo. Hata Biblia yetu ya Kiswahili inasema "kwa sababu wote wamefanya dhambi". Erasmus, mwanazuoni Mholanzi, alilionyesha jambo hilo katika maelezo ya Agano Jipya lake la mwaka 1516, yaani miaka zaidi ya 1,000 baadaye.

Swali langu: kama andiko lilisomwa vibaya, tuendelee kuwafundisha wazazi neno "hatia"?

Fundi Saa
Mkuu, umeanza vizuri ukamalizia pabaya. Fundisho halikutundikwa kwenye neno moja la Kilatini. Kabla Augustino hajazaliwa, katikati ya karne ya 3, Sipriani, askofu wa Karthago, na maaskofu wenzake 66 waliulizwa kama mtoto asubiri siku ya nane ndipo abatizwe. Wakajibu asisubiri, na wakaeleza kwamba anaondolewa dhambi zisizo zake, za mwingine. Hiyo ndiyo imani ya Kanisa la Afrika, Augustino aliikuta. Tujivunie basi: huyu ni Mwafrika mwenzetu, baba wa familia, alijua mtoto ni nini.

Bi Tabora
"Baba wa familia"? Fundi, hapo umenigusa pabaya. Mwanamke alikaa naye miaka 10 akamzalia mtoto, kisha akarudishwa kwao kama mzigo uliokosewa anwani, mtoto akabaki na baba. Na jina la yule mama hajaliandika popote. Huyo ndiye wa kunifundisha mimi habari za watoto wachanga?

Mpwani
Hata hilo la "Mwafrika mwenzetu" tulipunguze. Kwao ni Thagaste, leo Souk Ahras, Algeria. Lugha yake Kilatini, elimu yake ya Kirumi. Bahari ya Kati ilikuwa karibu naye kuliko sisi.

Fundi Saa
Mpwani, adui zake hawakuona hivyo. Yuliani wa Eclanum, askofu wa Italia aliyekuwa upande wa Pelagius, alimkejeli kwa kumwita Mpuni, yaani mtu wa Karthago, akimaanisha huyu wa Afrika anayejifanya kujua kubishana. Mtu anayetukanwa kwa kwao, kwao ni kwao.

Bi Tabora, ni miaka 15 hivi, siyo 10. Na hakumfukuza. Soma kitabu cha sita cha Maungamo, alimosimulia maisha yake: anasema moyo wake ulikuwa umeshikamana na yule mama, ukakatwa, ukajeruhiwa, ukavuja damu. Aliyepanga ndoa ya heshima pale Milano ni mama yake, Monika.

Bi Tabora
Asante kwa kunisahihisha miaka, sasa imekuwa mibaya zaidi. Miaka 15! Na moyo ulivuja damu, lakini miguu ya nani ilikwenda bandarini? Ya mwanamke. Halafu bwana mwenye jeraha akatafuta mwingine wa kukaa naye, kwa kuwa mchumba aliyetafutiwa alipungukiwa miaka miwili kufikia umri wa kuolewa. Na umri wa Warumi ulikuwa 12. Hesabu mwenyewe. Kila mwanamume akibanwa hukimbilia "ni mama ndiye aliyetaka".

Kijana wa Mbeya
Hapo Bi Tabora kapigilia msumari. Kwetu mjomba wangu kafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba yeye hajawa mtakatifu.

Fundi Saa
Mnamhukumu mtu wa mwaka 385 kwa sheria za leo. Kukaa na mwanamke mmoja bila ndoa kamili hakukuwa uhuni kwa Warumi. Mtaguso wa kwanza wa Toledo, mwaka 400, haukumzuia Komunyo mwanamume asiye na mke aliyekaa na suria mmoja tu. Na yule kijana, Adeodatus, maana yake "aliyetolewa na Mungu", alibatizwa pamoja na baba yake, mbatizaji akiwa Ambrosi, askofu wa Milano, Pasaka ya 387. Baba alimpenda, aliandika kitabu kizima cha mazungumzo yao wawili.

Mwanakigango
Ndugu zangu, nawaomba. Niliuliza kuhusu ubatizo, tumehamia barazani kwa wakwe.

Mwalimu Mstaafu
Nivumilie, Mwanakigango, niseme moja kuhusu yule mama kisha nirudi kwako.

Katika andiko lake juu ya wema wa ndoa, yapata mwaka 401, Augustino anauliza habari za mwanamume anayekaa na mwanamke kwa muda tu, hadi apate mwingine anayelingana na cheo au mali yake. Anajibu: huyo moyoni ni mzinzi. Kisha anamgeukia mwanamke: akiwa amemtunzia uaminifu, na baada ya kuachwa hataki mwingine, anasita kumwita mzinzi, tena anamweka juu ya wake wengi wa ndoa. Yule aliyerudi Afrika aliweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine. Hajamtaja, lakini nikisoma pale naona mtu anajisomea hukumu yake mwenyewe. Kwa hiyo Fundi, usimtetee kupita alivyojitetea.

Sasa swali. Augustino alifundisha kwamba mtoto afaye bila ubatizo anaingia hukumuni, ingawa kwa adhabu iliyo laini kuliko zote. Wenyewe waliomfuata walishindwa kulibeba. Abelardo, mwanateolojia Mfaransa, karne ya 12 akalipunguza: mtoto ananyimwa tu kumwona Mungu. Tomaso wa Akwino akasema mtoto hana hata uchungu wa kukosa. Ndiyo limbo hiyo, mahali pa wasiobatizwa pasipo mateso, ambako mshairi Dante aliwaweka watoto pamoja na wapagani kama Virgilio na Aristotle. Lakini Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, ukaandika tena kwa ukali kwamba wenye dhambi ya asili peke yake nao hushuka kuzimu, japo kwa adhabu tofauti. Miaka 300 ya kulainisha, kisha sentensi moja ya jiwe.

Kijana wa Mbeya
Na wazazi wa kawaida walichukuliaje hayo?

Mwalimu Mstaafu
Walitembea. Wakati huo wa kina Erasmus, huko Oberbüren karibu na Bern, Uswisi, palikuwa na kanisa la Bikira Maria ambako watu walileta vichanga waliozaliwa wafu. Waliwapasha joto, na unyoya uliowekwa mdomoni ukitikisika walisema amepumua, wakambatiza haraka, wakamzika. Askofu wa Konstanz alilalamika kwa Papa. Wanamageuzi wa Bern, yaani Waprotestanti, walilibomoa kanisa. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua mahali hapo walikuta mifupa ya vichanga zaidi ya 200, baadhi wakiwa hawajatimiza hata miezi ya tumboni.

Fundi Saa
Hiyo ni ushirikina, siyo fundisho la Kanisa.

Bi Tabora
Usiite ushirikina. Usithubutu.

Mama yangu alijifungua njiani mwaka nilipokuwa darasa la tatu. Mtoto alilia mara moja tu. Hapakuwa na maji wala aliyejua kwamba yeyote anaweza kubatiza. Kiongozi mmoja wa kanisa, simtaji, akasema asizikwe na wabatizwa. Baba akamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mama hadi leo hapiti pale akiwa na ndoo ya maji. Hupitia mbele. Ndiyo maana nilikuja na hasira za yule mwanamke, Fundi. Sikuwa nagombana na Milano.

Fundi Saa
Dada, nisamehe. Neno nililotumia nimelifuta moyoni, na hapa silitetei.

Mwanakigango
Pole sana, Bi Tabora. Kwa hiyo swali langu nalibadilisha, siyo tena "hatia au udhaifu". Tumwambie nini mama huyu?

Mwalimu Mstaafu
Aambiwe kwamba limbo haikuwahi kuwa sharti la imani. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilitoa hati, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ikisema zipo sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto hao. Na Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni 1183, inamruhusu askofu kukubali mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walinuia kumbatiza. Walinuia?

Bi Tabora
Nguo nyeupe ilikuwa imeshonwa. Mama anayo mpaka sasa, sandukuni.

Mwalimu Mstaafu
Basi mwende na hiyo nguo kwa paroko. Ombeni aje kuombea pale kwenye migomba.

Mpwani
Lakini bado nasema Thagaste siyo huku kwetu.

Bi Tabora
Mama ana miaka 81, anasikia vizuri asubuhi tu. Nitampigia kesho mapema, kabla hajaenda kuteka maji.