Babu alikuwa fundi mwashi na askari wa keya, nataka kuandika maisha yake, nianzie wapi?

Mjukuu wa Fundi
Asalam aleikum watu wa Mombasa, na wengine hamjambo. Naomba msaada. Marehemu babu, babake baba, alikuwa fundi mwashi huku Majengo na Kisauni, na kabla ya hapo alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, akaenda mpaka Bama (Burma, siku hizi Myanmar) kupigana na Mjapani. Aliporudi akaoa, akashika mwiko, watoto wote akawasomesha kwa kazi hiyo hiyo ya mawe na chokaa mpaka macho yakamkataa. Vita hakuvizungumza. Tukimuuliza sisi watoto akisema tu "kulikuwa na mvua" halafu anatutuma maji ya kunywa. Sasa wazee wanaisha, amebaki shangazi mmoja na yeye ndiye mwenye mkebe wa biskuti, ndani mna medali mbili, cheti cha kutolewa jeshini kimeliwa na mende hata namba haisomeki, na timazi yake ya shaba, ile ya kupimia ukuta kama umesimama wima, uzi bado umezongwa vile vile alivyouzonga mwenyewe. Nataka niandike hata kurasa chache watoto wetu wasome. Habari za jeshi zinatafutwa wapi? Na mafundi wa zama zile walikuwa wakifanya kazi vipi, maana mimi ni mtu wa karatasi pale bandarini, mawe siyajui.

Msoma Historia
Waleikum salaam ndugu yangu. Hilo la mvua liandike vile vile alivyolisema, usiongeze neno, kwa sababu ndivyo vita vyenyewe vilivyokuwa. Keya wengi waliokwenda Bama walikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yao begani kichwa cha kifaru. Kuanzia Agosti 1944 waliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, tope mpaka magotini, malaria, barabara imekwisha, chakula kinadondoshwa na ndege, na wao wanasonga tu wakimfukuza Mjapani mpaka Desemba wakauchukua mji wa Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Mtu aliyepita hapo akikwambia kulikuwa na mvua amekwambia mengi.

Sasa medali. Angalia utepe kama haujaoza. Ya Bama ni nyota ya pembe sita, imeandikwa jina lake juu, na utepe wake ni buluu iliyoiva, katikati mstari mpana mwekundu, halafu kila upande wa buluu umepasuliwa na mstari wa rangi ya chungwa. Ukikuta nyota nyengine yenye utepe wa rangi ya mchanga, mwekundu katikati, na vimistari vya buluu iliyoiva na buluu nyepesi, hiyo ni ya Afrika, maana yake kabla ya Bama alishapigana na Mtaliano upande wa Habeshi 1940 na 1941. Kwa hiyo medali peke yake zinaweza kukupa njia aliyopita hata bila karatasi.

Usiende kumtafuta kwenye orodha za makaburi ya vita, zile ni za waliokufa tu. Kama utajua batalioni yake, shajara za vita za batalioni zilizokuwa huko Asia ziko kwenye nyaraka za serikali kule Kew, London, fungu la WO 172. Jina la askari wa kawaida hutolipata humo ila utajua siku fulani walilala wapi. Na muulize shangazi kama babu aliwahi kutaja meli iliyozama. Khedive Ismail iliondoka hapa hapa Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Mjapani karibu na Maldives tarehe 12, wakafa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliopanda meli za baada ya hapo walikuwa na habari hiyo vichwani.

Fundi wa Likoni
Mimi naomba niongee upande wa kazi maana naona watu wote wamekimbilia vita. Vita vilimchukua miaka michache, mwiko alishika maisha yake yote ndugu yangu, usimfanye babu awe askari tu. Nenda kwenye nyumba alizojenga, zipo zilizosimama nina hakika. Pima upana wa vyumba. Ukikuta vyumba vyembamba halafu virefu ujue ni dari ya boriti za mikoko, boriti haifiki mbali bila kupinda kwa hiyo fundi akipanga nyumba kwa boriti, hapangi boriti kwa nyumba. Kwangua plasta kidogo pahala pasipoonekana, chokaa ya kuchoma ni laini na nyeupe, ukucha unaingia, simiti inakataa. Bamburi walianza kutoa simiti 1954, kwa hiyo kazi zake za mwanzo huenda zote ni chokaa na matumbawe, au fito na udongo halafu lipu ya chokaa juu, kama zilivyokuwa nyingi za Majengo, baraza mbele, ukumbi unapita katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Na chokaa haitaki haraka, unaichoma, unaizima kwa maji, unaiacha ilale ndio uichanganye. Mzee aliyenifunza mimi akiteremsha timazi hatuongei mpaka itulie. Hiyo ya babu usiisugue, iache na uchafu wake.

Binti Kisauni
Shukran Fundi. Mimi nataka kuongeza jambo ambalo linaniuma, uliza hizo nyumba zilikuwa juu ya ardhi ya nani. Hapa Mombasa mtu alikuwa anajenga nyumba yake lakini ardhi si yake, analipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na mwenye ardhi akiuza ndio basi. Sasa huyu mzee alimpigania Mwingereza kwenye nchi ya watu, malipo ya kuachishwa jeshi, kama ilivyoripotiwa 2019, yalipangwa kwa rangi, Mzungu wa cheo kile kile akipata hadi mara tatu ya Mwafrika, halafu anarudi kwao anajengea watu nyumba miaka yote na pengine yake mwenyewe imekaa juu ya ardhi ya mtu. Hilo lisikose kwenye kitabu chako. Na muulize shangazi kuhusu nyanya pia, nani alikuwa anapika siku kazi hakuna, pesa alikuwa anashika nani.

Mjukuu wa Fundi
Mmenifungua macho wallahi. Nimetoka kwa shangazi sasa hivi. Utepe mmoja umebaki kipande, buluu na mwekundu na chungwa iliyofifia, kwa hiyo Bama ni kweli. Ya pili ni duara, haina utepe. Kuhusu ardhi amesema kiwanja cha nyumba yetu babu alikinunua kidogo kidogo kwa mwenye ardhi, na risiti zote alikuwa anaziweka nyanya kwenye kanga, na siku ya mwisho ya kulipa babu hakuenda kazini. Nyumba tatu amezikumbuka kwa majina ya wenyewe, moja ni karibu na msikiti tunaoswali.

Msoma Historia
Hiyo ya duara itazame ina simba amesimama juu ya joka. Kama ndiyo, ni medali ya vita ya 1939 mpaka 1945, walipewa wote. Na shangazi mrikodi kwa simu wiki hii, kikao kifupi kifupi asichoke, anza na hizo nyumba tatu.